Namba Iliyobaki Kwenye Kioo

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maziwa nayaonja kwanza, muuzaji akiwa bado amesimama mlangoni, na sijawahi kuona haya. Kwa hiyo mahindi yalipoota ukungu kwenye ghala moja la Kitale, nilijua wa kumtazama: mzee aliyewasha na kuzima moto wa kikaushio.

Mtambo wa kupima unyevu niliutengeneza mimi. Rekodi yake ilionyesha kwamba alipozima moto, mahindi yalikuwa na unyevu wa asilimia kumi na nane. Yeye alishikilia kwamba kioo cha mtambo kilimwonyesha kumi na tatu, kiwango salama cha kuhifadhi.

"Injinia, mimi nilisoma kumi na tatu," alisema. "Na chumvi ilikuwa imeshika chupa, bana. Si ni wewe uliniambia niachane na chupa?"

Hiyo chupa ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Wakulima wa kwetu hutia punje na chumvi kavu kwenye chupa, wakaitikisa. Chumvi ikinata ndani, mahindi bado mabichi. Nilikuwa nimemkataza kwa sababu nilidhani anatafuta njia ya kuukwepa mtambo wangu. Sasa nikaona ni uongo mtupu. "Kikulacho ki nguoni mwako," nilimwambia meneja, mbele ya wapakiaji wote. Mzee akafutwa siku hiyohiyo.

Lakini kushuku ni ugonjwa, hauchagui. Wiki iliyofuata nikaanza kuishuku kazi yangu mwenyewe. Ndani ya mtambo mna vichakataji viwili, yaani bongo mbili za kompyuta, vinavyotumia kumbukumbu moja. Cha kwanza hupima unyevu na kuandika. Cha pili husoma na kuonyesha kwenye kioo. Ila kila kimoja kina kache, hifadhi yake ndogo ya pembeni, na humo huweka nakala ili kisirudi kwenye kumbukumbu kila mara. Kompyuta kubwa zina njia ya kuambiana: namba imebadilika, tupa nakala yako. Chipu yangu ya bei nafuu haina. Anayeandika programu ndiye anayepaswa kuamuru. Sikuamuru. Mara nyingi nakala kuukuu ilifutika yenyewe, ndiyo maana kosa likajificha. Nilipouweka mtambo mezani nikaujaribu, niliona kwa macho yangu: kumi na nane kwenye rekodi, na kwenye kioo kumi na tatu ya mzigo uliotangulia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikaenda Bokoli, nyumbani kwake. Nilimkuta uani peke yake, anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, nikamwambia meneja anamtaka arudi kazini. Hakuinua macho.

"Sasa umekuja kuniambia mimi," alisema. "Mimi si nilikuwa najua? Wale wapakiaji wanajua mimi ni mwongo. Kanisani wanajua. Hapa soko wanajua. Uende kwa hao, mmoja mmoja."

Nikamuuliza nianze na nani.

Akanyoosha kidole kuelekea jikoni, alikokuwa mkewe.