Mwendesha Toleka Aliyesimama Kilimani

Hebu fikiria kilima kifupi karibu na daraja la mto Tshopo. Kijana mwendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, anasimama, mkono kifuani, anamwomba abiria wake ashuke.

"Mama, tutembee kidogo. Corona ilinipataka, nguvu haiyarudi."

"Corona ya zamani ile? Docteur alisema nini?"

"Alisema mapafu iko sawa."

"Bon, basi weye uko muvivu tu, papa."

Mama akasimamisha pikipiki ya abiria, akapanda. Kijana akaketi chini kando ya baiskeli yake. Tuliokuwa pembeni tulicheka, na mimi, mwalimu mzima, nilicheka.

Baadaye jirani yangu muuguzi alinieleza kwamba kwa watu wengine corona huisha, lakini uchovu na kukosa pumzi hubaki miezi, hata miaka, na vipimo visionyeshe kitu. Nilirudi kilimani kumtafuta yule kijana. Wenzake walisema ameuza baiskeli.

Miaka yote darasani nilifundisha kana kwamba ugonjwa humalizika kwa kengele, kama somo la hesabu. Naomba ukumbuke jambo moja tu: mtu akikuambia amechoka, mwamini kwanza.