Kompyuta Tuliyoibebesha

Wiki iliyopita binti mmoja wa chuo aliniletea dukani kompyuta yake ya gemu, zile za bei ya chini. Anataka ushauri: aiovakloki, yaani ailazimishe prosesa ikimbie kuliko kiwanda kilivyoipangia, au avumilie mpaka apate vipuri vipya? Swali la kawaida kabisa. Mimi nikawaka. Nikamwambia akaamue mwenyewe, mbona watu mnapenda kuulizauliza. Binti wa watu akabeba kompyuta yake akaondoka. Baadaye nilimpigia nikamwomba radhi, ila kilichonikera sikumwambia. Wewe kaa hapo nikueleze.

Mimi nimekulia Cheyo, pale Tabora, kwa bibi, pamoja na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Kompyuta ilikuwa ya kaka. Aliiunga mwenyewe kwa vyuma vilivyotupwa na maofisi, kasha halina ubavu mmoja, waya zinaning'inia nje kama utumbo wa kuku. Ilikaa chumba cha mbele, na jioni watoto wa mtaa walijaa kucheza gemu la mpira kwa kulipa. Bibi alipitisha sinia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vinavutika mdomoni, na karanga za kukaanga. Kibodi yote ilikuwa makombo. Mpaka leo nikisikia feni ya kompyuta inaunguruma, mate yananijaa.

Sasa likatoka gemu jipya la mpira, kila mtoto analitaka hilo tu. Kwenye mashine yetu wachezaji walikimbia kama wako kwenye tope. Wateja wakaanza kupungua. Kaka akasema hapa kuna mawili. Ama tununue kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, na kupata hela yake lazima aende akafanye kazi machimboni Geita, mjomba kashamtafutia nafasi. Ama tuikaze hii hii tuliyonayo. Wenzangu waliona hiyo ni habari ya mashine. Mimi niliona ni kaka anaondoka au haondoki.

Nikamwambia, "Ikaze."

Jirani yetu alikuwa mama wa Kizaramo, mtani wetu, hana dogo. Alichungulia mlangoni akakuta tumeinamia lile kasha. "Wanyamwezi nyie," akasema, "babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Sasa mmekosa wa kumbebesha, mnaibebesha kompyuta. Itawafia hiyo."

Bibi hakuinua hata macho kwenye karanga zake. "Mzaramo unajua nini zaidi ya ngoma? Mpagazi wetu hatui mzigo njiani."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Mimi sikucheka. Nilitamani kumrushia yule mama kandambili. Kitu cha kaka mtu asikiseme vibaya mbele yangu.

Ilikuwa Oktoba, unalijua jua la Tabora mwezi huo, bati linalia lenyewe. Kaka akipandisha spidi kidogo, mashine inachemka na kujizima. Ndipo akakumbuka bibi anavyopooza mtungi wa maji kwa kuuvisha kitambaa kilicholowa. Akachukua gunia la katani, akalilowesha, akalitundika dirishani, feni akaiweka mbele yake. Upepo ukaingia wa baridi kabisa. Kazi ya kulowesha gunia akanipa mimi. Nikitoka shule sivui hata sare, nakimbilia ndoo. Harufu ya katani iliyolowa ikajaa chumba kizima, na kwenye skrini wachezaji wakaanza kukimbia kama watu. Watoto wakarudi. Nikatembea mtaani kifua mbele, kaka yangu haendi popote.

Halafu mvua zikaanza. Mji mzima unashangilia, wakulima wanatoa mbegu, na mashine yetu ikaanza kuganda katikati ya mechi. Nikaongeza maji. Nikalowesha gunia mpaka sakafu ikawa dimbwi. Kaka akanishika mkono, akaniondolea ndoo.

"Dogo, acha. Hewa yenyewe imeshiba maji. Gunia halipoozi tena."

"Basi punguza spidi kidogo, labda haitaganda."

"Nikipunguza hawachezi. Ni kadi tu. Nikiipata narudi."

Akairudisha spidi ya zamani kwa mkono wake mwenyewe. Ile mashine haikuungua, yule mama alikosea. Kaka akapanda basi la Geita asubuhi kunanyesha. Bibi akamfungia matobolwa kwenye kitambaa. Mimi nilinuna, sikwenda kumsindikiza.

Kadi ilikuja na basi, imeviringishwa ndani ya shati lake. Niliifunga mwenyewe kwa kubahatisha, nikisoma huku na kule. Ikakimbia kama maji. Ila kaka hakuja. Baada ya kadi kukawa na bati la nyumba ya bibi, baada ya bati akaoa huko huko. Na wale watoto nao wakapata simu, kila mmoja akawa anacheza peke yake kitandani kwao.

Kinachonichoma ni kwamba tulibishana wiki nzima, kukaza au kubadilisha, na hakuna aliyesema tuache kama ilivyo. Tungebaki na gemu la zamani. Wangekuja wachache, sawa, lakini kaka angekuwepo. Yule binti alipouliza swali lake, hilo ndilo nililolisikia.

Mwaka jana kaka alikuja likizo. Nikamwashia gemu kwenye mashine ile ile, nikampa upande wake. Vidole vimekuwa vinene, vitufe amevisahau, anacheka tu. "Mashine imekuwa nzuri hii, dogo," akasema. Simu yake ikaita, bosi wa machimboni, akatoka nje kuongea. Wachezaji wake wakabaki wamesimama uwanjani, hawana wa kuwaendesha, na goli lao liko wazi. Ningeweza kufunga ninavyotaka. Nikaupiga mpira nje, nikaanza kumsubiri.