Mfupa wa Kisogo na Ruhusa ya Mjomba

Kwa muda mrefu nilisifiwa kwa sababu ya ugonjwa. Nilikuwa na hoteli ndogo kule Kinoru, karibu na uwanja, na nilikuwa nikigeuza chapati kwa vidole vitupu na kushusha sufuria ya chai motoni bila kitambaa. Wateja walileta wageni wao kuniangalia. Mama mmoja wa kanisani alisema ni kipawa, nami nikavimba kichwa.

Ukweli ni kwamba sikuwa nikiusikia moto. Siku moja nilinusa nyama ikiungua, nikamgombeza mpishi mwenzangu, kumbe ni kidole changu. Hapo nikaingiwa na hofu. Tena nikikohoa au kucheka, kisogo kiliuma kama kinachotaka kupasuka.

Daktari wa Embu alikipiga kichwa changu picha, akanieleza polepole. Sehemu ya chini ya ubongo ilikuwa imeshuka kwenye tundu la fuvu, ndivyo nilivyoumbwa, ikaziba njia ya maji. Maji yakajitafutia pa kukaa ndani ya uti wa mgongo, yakafanya kifuko kirefu kilichobana mishipa ya mikono. Dawa yake ni upasuaji: kuondoa kipande cha mfupa wa kisogo na kidogo cha pingili ya juu ya shingo, ubongo upate nafasi.

"Kilichobaki tutajaribu kukilinda," alisema. "Kilichopotea siwezi kukuahidi."

Ningechelewa, mikono ingekufa kabisa, na mtu wa chapati bila mikono ni nani? Nikamwambia anikate hata kesho.

Mama yangu akakataa. Kwetu Meru mjomba, kaka wa mama, si mtu wa kuchezewa. Kinywa chake kinabariki na kinalaani, na mtoto wa dada yake hakatwi bila yeye kuulizwa. Niliwaka kwa hasira. Mimi na mvi zangu, nimngoje mzee atoke Mikinduri kama ninayeposwa!

Alikuja na koti zito, shavu limejaa miraa. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akakohoa.

"Sawa, daktari. Hiyo mfupa mkishatoa, itakuwa ya nani?"

"Ya nani kivipi, mzee?"

"Kwetu mbuzi ikichinjwa, kila kipande iko na mwenyewe. Kichwa iko na watu wake, shingo iko na watu wake. Sasa hii inatoka hapo katikati. Mtaleta fujo kwa boma ya watu."

Baba mdogo, aliyekuwa ametuleta kwa gari lake, akadakia kwamba shingo ni ya upande wa baba, hilo halina mjadala. Wakabishana mbele ya picha ya kichwa changu, kila mmoja akionyesha mpaka wake kwa kidole. Nilicheka, maumivu yakanipiga hadi nikaushika ukingo wa meza, nao hata hawakugeuka.

Daktari akasema mfupa utateketezwa hospitalini, hakuna atakayeupata. Wazee wakatazamana. Hiyo waliona ni haki. Mjomba akanitemea mate kidogo kifuani, baraka ya kwetu, akamgeukia daktari.

"Kata."

Nilipozinduka shingo ilikuwa ngumu kama gogo. Baada ya siku chache mjomba aliingia wodini, hakumsalimu mtu, akaukamata mkono wangu wa kushoto na kuufinya kwa kucha. Kabla sijafikiri, nikamzaba kofi.

Kumpiga mjomba ni mwiko, ni mambo ya kutafuta kondoo wa utakaso na kuita wazee. Mama alijifunika uso kwa leso. Lakini mjomba alikuwa ameshika shavu, machozi yanamtoka, akipaza sauti.

"Amesikia! Mwite daktari, huyu amesikia!"

Nikamnyooshea mkono wa kulia. Akafinya, akafinya tena mpaka akauma meno. Sikusikia kitu. Mama naye akaja kujaribu, wapi. Kisha nikampa mjomba ule wa kushoto, nikamwomba anifinye tena.