Bawa la Tatu

Jirani yangu, fundi saa, huunda upya roketi za kuchezea ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Hufuata picha ya kwenye boksi kuukuu, husugua mabawa ya mbao kwa msasa, kisha hupuliza vumbi polepole kama anayepoza chai ya mtoto. Kila kipimo hukirudia mara tatu, midomo ikihesabu bila sauti. Jana alibandika bawa la tatu, likakaa upande. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Mzee, hilo limepinda." Hakuinua macho. Alichukua rula, akapima, akalipinda zaidi kidogo.

"Sasa ndiyo sawa," akasema. "Marehemu mdogo wangu alilibandika hivi kwenye roketi yetu ya utotoni. Nikamcheka mpaka akalia."

Gundi ilikauka, vidole vyake bado vimelishika.