Hesabu za Karanga

Hasira nilizirithi kwa baba, na binti yangu wa kwanza ndiye aliyezionja. Alikuwa na miaka sita, anamaliza chekechea. Kila jioni nikitoka kuuza mitumba pale Buzuruga nilimkalisha barazani na vizibo vya soda thelathini, tunahesabu. Ofisini walikuwa wamenipunguza kazini, na shule binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga. Moja ya karibu na kwetu ilichukua watoto wa darasa la kwanza kwa usaili. Niliapa mwanangu ataingia pale. Akikosa, angekaa nyumbani mwaka mzima.

"Sita ukiongeza mbili?"

"Saba."

"Saba ya nani? Hesabu tena, usiniudhi."

Machozi yakaanza kumlengalenga. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Magu kutibiwa mguu, akavuta kigoda chake karibu. Huyu mama hakujua kusoma hata jina lake. Alikuwa anamenya karanga, basi akamwekea mjukuu wake sita upande huu na mbili upande ule, akamwambia azisogeze pamoja taratibu, akipata jibu azile. Wiki mbili tu, mtoto akawa anajumlisha mpaka ishirini. Kusoma nilimfundisha mimi, kwa mkaa, juu ya mfuko wa saruji nilioupasua: ba, be, bi, bo, bu. Silabi nazo alizishika, ingawa kusema kweli alizishika zaidi siku ambazo sikupiga kelele.

Jioni moja akawanyooshea kidole wenzake waliokuwa wanacheza rede njiani, akaanza, "Moja, mbili, tatu..." Bibi yake akaushusha ule mkono.

"Hapana, mjukuu wangu. Karanga tunahesabu. Watu hatuhesabu. Ukiwahesabu wanapungua."

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi ni wa Bukoba, sikulelewa hivyo. Lakini kwao, wafugaji, hata ng'ombe mtu hawahesabu kwa sauti. Anawatazama tu sura, anajua nani hajarudi. Nikasema ni mambo ya wazee, nikaendelea kukunja nguo zangu.

Siku ya usaili mwalimu mkuu, mama mpole mwenye miwani, alimsomesha silabi, akampa vijiti ajumlishe. Mtoto akajibu yote. Mimi pale mlangoni nilishaanza kushona sare kichwani. Kisha mwalimu akafungua kitabu chenye picha ya watoto wanaruka kamba.

"Hapa kuna watoto wangapi?"

Mwanangu akanigeukia mlangoni.

"Wahesabu, mama, usiogope."

Akaficha mikono mgongoni. "Wapo," akasema.

Mwalimu aliuliza mara tatu, akajibiwa "wapo" mara tatu. Akafunga kitabu, akaniambia mtoto bado hajakomaa, nimrudishe mwakani.

Njia nzima nilimburuta. Kufika nyumbani nikamwagia yote mama mkwe, Mungu anisamehe. Nilimwambia imani zake zimemharibia mtoto. Kumfokea mama wa mume wako si jambo dogo, na nililijua hilo hata kabla sijafunga mdomo. Yeye aliuliza tu shule inafunguliwa saa ngapi.

Asubuhi akajitanda khanga, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka yeye akichechemea. Nikawafuata nyuma na aibu yangu. Mwalimu mkuu akamwamkia shikamoo, naye akaitika, akaomba ile picha.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemkataza. Niache nimfungue mwenyewe."

Picha hakuigusa. Alimpakata mtoto, akaanza kukunja vidole vyake, kila kidole na mtu wake: shangazi yako wa Magu, baba yako mkubwa, yule aliyeondoka na surua, yule aliyezama ziwani. Aliendelea hivyo bila haraka mpaka kidole cha saba, baba yako. Kwenye vidole viwili vya mwisho alisema tu, "Na hawa mapacha."

"Tisa," akasema. "Nimezaa tisa. Umeona, bibi yako amehesabu watu. Haya, na wewe hesabu."

Mtoto akamtazama bibi yake usoni muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye picha. Akawapata sita, na walikuwa sita. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaandika jina la mtoto kwenye daftari.

Tulipofika nyumbani nilipiga magoti kumwomba mama radhi. Akasema yameisha, nimletee maji ya kunywa. Jioni mume wangu, ambaye kwa mama huyo ni kitinda mimba, aliporudi kutoka bandarini nilimsimulia yote. Alifurahia shule. Halafu akaniomba nirudie ile idadi, nikarudia: tisa. Akakaa chini na viatu vyake vya kazi mguuni. Yeye maisha yake yote alijua wamezaliwa saba.