Mjomba Mtalii

Juzi, mjini Randburg, niliona tangazo la utalii wa Uturuki: makumbusho ya kale, kisha matembezi ya mashua pwani.

Nilipokuwa mtoto, mjomba alitutumia picha za namna hiyo. Kwanza kati ya sanamu zisizo na mikono, halafu kwenye mashua ya mpira. Nilitangazia mtaa wetu mzima wa Observatory, hadi mbwa wakajua, kwamba mjomba wangu ni mtalii. Sikujua alikuwa akivuka kwenda Ulaya, wala kwamba mashua ilizama.

Alasiri moja wamama wa kanisa walitoa makochi yetu nje, wakatandika mikeka. Sebule ilinuka kahawa. Nikajua amerudi, ni sherehe. Nikaanza kucheza ndombolo katikati yao.

"Eish, wewe mtoto, keti!" mmoja alifoka.

"Mwacheni," mama alisema. "Bahari haikunirudishia kaka yangu hata kiatu. Mwacheni amchezee."