Kilomita sita kutoka Makina hadi Gatina, na ramani ya gari niliyoiamini

Wakuu, niaje.

Hii ninayoandika ilinipata mimi mwenyewe, na sijaiongezea chumvi. Kama ningekuwa natunga, ningejiweka vizuri zaidi.

Nimeona humu watu wakiuliza kama navigation inayokuja na gari ina faida hapa Nairobi. Jibu ninalo. Ni refu kidogo na halichekeshi.

Asubuhi hiyo nilitoka bila mpango wowote. Nilikuwa nimeshinda vita vya wiki tatu na screen ya gari, na nilitaka tu kuzunguka nione mshale ukitembea.

Gari si langu. Ni la Wafula, rafiki yangu aliyeenda kwao Bungoma kumuuguza baba yake akaniachia nilitunze. Gari dogo kutoka Japani, mnayajua. Ukiliwasha, mwanamke anakuamkia kwa Kijapani na kulalamika kwamba hujaingiza kadi. Ramani ilikuwa ya Japani pia. Tukiwa tumesimama Makina, Kibera, mshale ulituweka katikati ya bahari.

Mimi shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Lakini kitu kilichoharibika hunishika. Lazima nifungue nione ndani.

Nikatafuta mjini mtu mwenye kadi ya ramani ya Kenya. Nikafungua dashboard, nikakuta waya wa antenna ya setilaiti umechomolewa na fundi fulani wa redio na kuachwa ukining'inia. Nikaurudisha. Siku mshale ulipotua juu ya Kibera Drive nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari kama mtu aliyefunga bao.

Basi asubuhi hiyo sikufika mbali. Mama Zubeda alinisimamisha langoni.

Huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, na plot ile ya vyumba vya kupanga ni ya familia yao tangu babu yake. Alikuwa amejifunga leso mbili na ameshika chupa ndogo ya marashi.

"We Kevo, hilo gari linatembea ama ni la kuangalia?"

"Linatembea, Mama."

"Basi nipeleke Gatina. Dada yangu amefariki alfajiri."

Niwaeleze kitu kwa wasiojua. Waislamu hawakawizi maziko. Dada yake alikuwa ameolewa Gatina, ndani ya Kawangware, na huko walikuwa wanamwosha. Mpwa wake alikuwa amepiga simu kwamba jeneza litatoka nyumbani saa sita na nusu, liende msikitini kwa sala ya adhuhuri, kisha makaburini. Kwao wanawake hawafuati kaburini. Wanaagana na maiti nyumbani, wanaume wakishainua jeneza, imeisha.

Wanawe Mama Zubeda walikuwa wametangulia alfajiri. Yeye alibaki akingoja duka la marashi lifunguliwe, kwa sababu dada yake alipenda aina moja tu, naye alitaka kuyatia kwenye sanda kwa mkono wake.

"Ndiye aliyenilea," aliniambia akipanda. "Mama yetu alituacha mimi nikiwa sijaota meno."

Ilikuwa saa tano na robo. Kilomita sita. Nikaandika Gatina kwenye screen.

Mtaniuliza mbona sikutumia simu. Simu ilikuwa mfukoni. Nilitaka kile kitu nilichokitengeneza kifanye kazi mbele ya mtu, basi.

Tulipoingia Ngong Road, screen ikaniambia nipinde kulia mahali ambapo siku hizi pana ukingo wa zege katikati ya barabara. Ramani ilikuwa ya kabla barabara haijapanuliwa. Nikapita. Ikapiga hesabu upya, ikanizungusha kwenye roundabout, ikanirudisha palepale.

Hapa ndipo panaponiuma, wakuu.

Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua. Nilirudi kwa sababu nilitaka kuona kama itajirekebisha ama itarudia kosa. Nilikuwa nafanya majaribio, na mama wa watu yuko nyuma na chupa mkononi.

Ilirudia kosa. Jam nayo ikawa imekomaa. Tulipofika Dagoretti Corner ilikuwa saa sita na dakika tano. Bado tulikuwa na muda. Naweza kuapa, muda ulikuwepo.

Kawangware tuliingia saa sita na robo. Mama Zubeda akainama mbele.

"Pinda hapo kwa posho mill, pale wanaposaga unga. Halafu fuata ukuta wa kanisa."

Nikatazama screen. Ilisema kona yetu bado, iko mbele.

"Ngoja Mama, hii inaonyesha mbele kidogo."

"Mbele ni Kongo, mwanangu, mtaa mwingine."

"Inajua."

Aliangalia ile screen, akaniangalia mimi, akaegemea kiti. Nadhani alijiambia labda magari yana njia zao, yeye siku zote hufika pale kwa miguu kutoka stage.

Niliipinda kona iliyoonyeshwa. Kwenye ramani ilikuwa barabara, mstari mweupe kabisa. Kwa macho ilikuwa kichochoro kati ya ukuta wa mawe na mtaro, kisha nyumba za mabati. Nilisonga nikidhani kitafunguka. Hakikufunguka. Gurudumu la kushoto likateleza mtaroni na gari likalala upande.

Na screen ikatangaza kwamba tumefika.

Mama mmoja aliyekuwa akifua alisimama na povu mikononi.

"Haiya! Huyu anataka kuparki ndani ya beseni yangu?"

Jamaa wa boda boda nyuma yetu alikuwa amekufa kwa kicheko. "Buda, hiyo TV yako ndiyo imekuambia kuna barabara hapa? Iulize basi kama kuna chai."

Watu wakacheka. Halafu Mama Zubeda akafungua mlango wa juu, ule wa upande wa ukuta, akajaribu kutoka, na wakaona leso na chupa. Kicheko kikakatika.

"Mnaenda matanga wapi, Mama?" jamaa wa boda aliuliza, sauti tofauti kabisa.

"Kwa Mama Saidi, dada yangu. Gatina."

"Aai, mlishapita. Ni kule nyuma, kwa posho mill."

Alimvuta nje kwa mikono miwili. Mama Zubeda ana magoti mabaya na sijawahi kumwona kwenye boda. Alikaa upande, akamshika yule jamaa bega, wakaenda. Nikaliacha gari na milango wazi nikakimbia nyuma yao.

Nilifika saa sita na dakika arobaini.

Alikuwa amesimama langoni. Mwisho wa barabara niliona kitambaa cha kijani juu ya jeneza, mabega ya wanaume, vumbi. Walikuwa wanapinda kona. Wanawake wawili walikuwa wamemshika, mmoja kila upande, si kwa nguvu.

"Wametoka sasa hivi," mmoja alikuwa anamwambia. "Sasa hivi tu, dada. Walikungoja, imamu akasema wakati umefika."

Chupa ilikuwa bado mkononi. Haijafunguliwa.

Nilisema pole. Sijui nilisema nini kingine. Akanigeukia.

"Nilikuambia posho mill," akasema, na akaingia ndani.

Hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo ningependa mjue.

Vijana wa Kongo walinitolea gari siku hiyohiyo kwa kamba na mbao. Nikalirudisha Makina nikitazama barabara tu.

Baadaye nilichimba, maana ndivyo nilivyo. Navigation ya gari haitegemei setilaiti peke yake. Inahesabu pia mizunguko ya magurudumu kujua umetembea kiasi gani. Wafula alikuwa ameweka magurudumu makubwa kuliko ya kiwandani. Kila mzunguko gari lilikuwa linaenda mbali zaidi ya ilivyodhani, kwa hiyo mshale ulibaki nyuma yetu. Screen iliposema kona bado, tulikuwa tayari juu yake. Ukibadilisha saizi ya magurudumu, ingia kwenye settings utafute calibration, yaani marekebisho ya vipimo, uifanye upya. Antenna yangu pia niliificha chini ya chuma nilipoirudisha. Inatakiwa kuona anga.

Na ile mistari myeupe kwenye ramani za zamani, hasa mitaa yetu, mingine ni barabara zilizochorwa na hazikuwahi kufunguliwa. Watu walijenga, wakazaa, wakazeeka juu ya barabara hizo. Ramani haina habari.

Hayo yote ni kweli, na hayanisaidii. Kwa sababu kilomita ya mwisho nilikuwa na mtu ndani ya gari anayejua njia, na nilimnyamazisha.

Mama Zubeda hakunifukuza. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi, "Umeamkaje, Kevo?" kama zamani. Lakini chupa ile aliiweka dirishani kwake, na dirisha hilo liko kando ya mfereji tunaochotea maji. Kila ndoo niliyojaza, niliiona. Kifuniko kimekaza.

Nilivumilia hadi Wafula akarudi kuchukua gari. Siku iliyofuata nilifunga begi nikamrudishia Mama Zubeda ufunguo. Alisema, "Haya, nenda salama." Nikatoka bila kujua ninaenda wapi.

Miguu ilinipeleka Ngong Road, kisha Dagoretti Corner. Sikuwa nimepanga. Nilipoona posho mill nilitazama saa ya simu. Nilikuwa nimetembea saa moja na dakika kumi, na begi mgongoni.

Siku ile tulikuwa na saa moja na robo.

Nilimuuliza mama wa posho mill kama anajua chumba. Akaita mtu, yule naye akanionyesha ghorofa lililo nyuma ya ukuta wa kanisa. Caretaker alinifungulia chumba cha juu, kidogo, taa inawaka. Nikaweka begi chini.

"Wengi hupotea wakija huku," alisema. "Wewe umefikaje?"

"Nimeuliza."

Nimejifunza hilo tu, wakuu: aliye na safari yake ndiye wa kusikizwa kwanza. Wenye ujuzi wa calibration kwenye magari ya Japani, shukeni hapa muwasaidie wengine. Na kama kuna aliyewahi kumchelewesha mtu mahali ambapo hawezi kurudi tena, aniambie anaishi nalo vipi. Nitasoma yote.